Ushirikishwaji wa Wagonjwa na Watoa Huduma katika Kubuni Afua za Pumu: Maana, Mbinu na Matokeo Yake

Pumu ni miongoni mwa magonjwa sugu yasiyoambukiza yanayowapata watu wa rika zote, na ndiyo inayoongoza kwa kuwasumbua watoto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo duniani, na vifo vipatavyo 455,000 vilitokana nao. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa na dawa hazipatikani kwa uhakika.

Hata hivyo, takwimu hizo zina upande mwingine unaowashughulisha wataalamu wa afya ya jamii. Dawa za kudhibiti pumu zimejulikana kwa miongo kadhaa, na ufanisi wake hauna ubishi. Mgonjwa anayezitumia ipasavyo anaweza kwenda shule, kulima, kucheza mpira na kulala usiku mzima bila kubanwa kifua. Lakini katika nchi tajiri na maskini, wapo wagonjwa wengi ambao dawa hiyo wanayo nyumbani na bado wanafikishwa hospitalini wakihema kwa shida. Kwa hiyo swali halihusu tena dawa peke yake. Linahusu namna huduma yenyewe ilivyopangwa, na ni nani aliyeulizwa wakati wa kuipanga.

Hapo ndipo unapoingia ubunifu shirikishi wa afua za afya. Kwa maelezo mafupi, ni utaratibu ambao wagonjwa, familia zao, madaktari, matabibu, wauguzi na wafamasia wanakaa pamoja tangu hatua ya kwanza ya kubuni huduma, badala ya wataalamu kuikamilisha kisha kuwapelekea wananchi waitumie. Msingi wake si mgeni. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi lilikwishatamka kuwa wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Jambo jipya ni kwamba sasa ushiriki huo unapimwa kwa vigezo vya kisayansi, na katika pumu matokeo yake yamekwisha kuonekana.

Tatizo lililojificha ndani ya kifaa cha bluu

Ili kuelewa kwa nini maoni ya mgonjwa yana uzito wa pekee katika pumu, ni vyema kukumbuka namna ugonjwa unavyofanya kazi. Katika mapafu ya mgonjwa hutokea mambo mawili. La kwanza ni kukaza kwa misuli inayozunguka njia za hewa, na hilo ndilo linalomfanya akose pumzi na kutoa sauti ya mluzi anapohema. La pili ni uvimbe wa kudumu wa kuta za ndani za njia hizo, ambao unaendelea kimyakimya hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Mambo hayo mawili yana dawa tofauti. Salbutamoli, ambayo katika nchi nyingi hutolewa katika kifaa cha kuvuta chenye rangi ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Dawa za jamii ya steroidi za kuvuta, kama beklometasoni na budesonidi, hupunguza uvimbe, lakini mgonjwa hauhisi utendaji wake papo hapo.

Kwa mtu anayebanwa kifua usiku wa manane, uchaguzi ni mwepesi. Atashika kile kinachomletea nafuu sasa hivi, na kile kingine kitabaki kabatini. Huo si ukaidi wala ujinga. Ni uamuzi wenye mantiki kwa mtu anayepima dawa kwa kile anachokihisi, na mafunzo mengi ya miaka iliyopita yaliyomsisitizia mgonjwa kutumia dawa ya uvimbe kila siku hayakuuzingatia ukweli huo.

Gharama ya kutouzingatia ilionekana wazi nchini Uingereza. Mwaka 2014 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa ripoti ya mapitio ya kitaifa ya vifo vya pumu, yaliyochunguza kwa kina vifo 195. Ilibainika kuwa asilimia 45 ya watu hao walifariki bila kuomba msaada wa tabibu au kabla msaada wa dharura haujawafikia. Ni 44 tu kati yao, sawa na asilimia 23, waliokuwa wamepewa mpango wa maandishi unaoeleza hatua za kuchukua hali inapobadilika. Miongoni mwa waliokuwa na taarifa za dawa za kuleta nafuu ya haraka, takriban wanne kati ya kumi walikuwa wameandikiwa zaidi ya vifaa 12 katika mwaka wao wa mwisho. Hii ni nchi ambayo matibabu hutolewa bila malipo kituoni na kila mwananchi ana haki ya kusajiliwa kwa daktari wake. Dawa zilikuwepo na wataalamu walikuwepo, ila utaratibu haukuwa umefuata mwenendo halisi wa wagonjwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2019, mpango wa kimataifa wa kukabiliana na pumu unaofahamika kama GINA ulitangaza kwamba haupendekezi tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa dawa ya kutanua njia za hewa peke yake bila dawa ya kupunguza uvimbe. Yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yote katika tiba ya pumu kwa kipindi cha takriban miaka thelathini. Swali lililobaki ni namna ya kuyatekeleza kwa watu ambao kwa miaka mingi wamezoea kuishika ile ya bluu.

Utafiti uliofuata mazoea ya mgonjwa

Mojawapo ya majibu yaliyofanyiwa kazi kwa uangalifu lilitoka Marekani, katika utafiti uliopewa jina la PREPARE na kuongozwa na watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston. Ulilenga Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, jamii mbili ambazo zinaumwa na kufa kwa pumu kwa kiwango kikubwa kuliko wazungu wa nchi hiyo, na ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na wawakilishi wachache mno katika majaribio ya tiba. Fedha zilitoka katika taasisi ya kugharimia tafiti za matokeo yanayowagusa wagonjwa, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mageuzi ya afya ya mwaka 2010. Taasisi hiyo inamtaka mtafiti aoneshe namna wagonjwa walivyoshirikishwa kabla ya kupewa fedha.

Wagonjwa kutoka jamii hizo mbili, pamoja na watoa huduma na viongozi wa mifumo ya afya, walikuwa washauri wa utafiti tangu ulipokuwa unapangwa. Afua iliyopatikana ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Mgonjwa hakuambiwa aache mazoea yake. Aliambiwa jambo moja tu la kuongeza: kila anapovuta dawa ya kuleta nafuu ya haraka, avute mara moja pia dawa ya kupunguza uvimbe, na anapotumia mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, avute mara tano. Maelekezo yalitolewa katika mahudhurio moja ya kliniki, na baada ya hapo ufuatiliaji ulifanywa kwa dodoso la kila mwezi kwa miezi 15. Kwa namna hiyo, kitendo ambacho mgonjwa alikuwa akikifanya kwa hiari yake kiligeuzwa kuwa kikumbusho cha dawa aliyokuwa akiisahau.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kati ya watu wazima 1,201 wenye pumu ya wastani hadi kali, waliopewa maelekezo hayo walipata mashambulio makali kwa wastani wa 0.69 kwa mwaka, ikilinganishwa na 0.82 kwa walioendelea na huduma ya kawaida. Hilo ni punguzo la takriban asilimia 15. Siku walizokosa kazi, masomo au shughuli zao za kila siku zilikuwa 13.4 kwa mwaka dhidi ya 16.8. Punguzo la asilimia 15 laweza kuonekana dogo kwa msomaji wa takwimu, lakini ikumbukwe kuwa limepatikana kwa mahudhurio moja na kwa dawa ambayo tayari ilikuwa ikiuzwa madukani.

Izingatiwe kwamba wagonjwa hao walikuwa tayari wamepangiwa dawa ya kupunguza uvimbe na waliendelea nayo. Utaratibu huo ulikuwa nyongeza, na mgonjwa yeyote anayesoma taarifa hii hapaswi kubadili dawa zake bila kuzungumza na mtoa huduma wake.

Nani anachagua swali la utafiti?

Ushirikishwaji unaanzia hatua ya mapema kuliko kubuni afua. Unaanzia katika kuamua ni jambo gani lichunguzwe. Nchini Uingereza mwaka 2004 uliundwa umoja wa James Lind, uliopewa jina la daktari wa jeshi la majini aliyejulikana kwa jaribio lake la mwaka 1747, alipowagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi ya watu wawili wawili na kuona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Kazi ya umoja huo ni kuwakutanisha wagonjwa, walezi na madaktari ili wakubaliane kuhusu maswali kumi yenye umuhimu zaidi ambayo sayansi bado haijayajibu.

Ugonjwa wa kwanza kupitishwa katika utaratibu huo ulikuwa pumu, na orodha yake ilikamilika mwaka 2007. Maswali yaliyopewa uzito yanasomeka tofauti na orodha ya kawaida ya tafiti za dawa. Yalihusu madhara ya kutumia dawa za pumu kwa miaka mingi, kwa watoto na kwa watu wazima; faida ya mazoezi ya kupumua; mambo ya lazima ili mgonjwa aweze kujihudumia; na aina ya elimu inayofaa kwa mgonjwa na kwa mhudumu. Hofu ya madhara ya muda mrefu ilikuwa dhahiri kwa wagonjwa, na katika jamii nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, hofu hiyo huvaa sura ya imani kwamba kifaa cha kuvuta dawa humfanya mtu awe mtumwa wake au hudhoofisha moyo. Mama mwenye hofu hiyo asipopewa nafasi ya kuisema, ataipokea dawa ya mwanawe kwa heshima zote, aondoke, na asiitumie.

Mbinu na mitego yake

Zipo njia kadhaa za kuendesha ubunifu shirikishi. Inayotumika sana ni ile iliyoanzishwa nchini Uingereza katikati ya miaka ya 2000 na watafiti Paul Bate na Glenn Robert, ikitumika kwanza katika huduma ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Wagonjwa hurekodiwa wakisimulia safari yao ya matibabu, hasa nyakati zilizowaumiza au kuwafariji. Watumishi nao huhojiwa kuhusu kazi yao. Makundi hayo mawili hukutana kwanza kila moja peke yake, kisha pamoja, kuangalia picha hizo na kuchagua mambo machache ya kubadilisha. Vikundi vidogo vya mchanganyiko hutengeneza rasimu, huijaribu, huirekebisha na kuijaribu tena.

Kukutana tofauti kwanza si urasimu. Mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari anayemtibu ni nadra kusema kwamba hakuelewa maelekezo, na muuguzi aliyeketi na mganga mfawidhi wake ni nadra kusema kwamba hana muda wa kumwonesha kila mgonjwa namna ya kuvuta dawa. Heshima ambayo jamii zetu huwapa waganga ni tunu, lakini katika mkutano wa aina hii yaweza kugeuka kuwa ukimya.

Ipo mitego mingine. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya vipandio vinane vya ushiriki wa wananchi, ambayo chini kabisa ina ushiriki wa kujionesha tu, na juu kabisa wananchi wenye mamlaka ya kuamua. Vikao vingi vinavyoitwa shirikishi hubaki chini: mgonjwa mmoja huitwa, huketishwa pembeni, na jina lake huandikwa katika ripoti. Wapo pia wanaosahaulika kwa sababu za kawaida kabisa, kama kukosa nauli au kutokuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Mikutano ikifanyika saa za kazi mjini, watakaojitokeza ni wenye elimu na kipato, na afua itakayozaliwa itawafaa wao.

Watoa huduma nao wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Mpango mzuri wa maandishi unaohitaji dakika ishirini za maelezo hautatekelezwa katika chumba chenye foleni ya watu arobaini. Kwa sababu hiyo Finland, ilipoendesha mpango wake wa kitaifa wa pumu kuanzia mwaka 1994 hadi 2004, haikuwategemea madaktari bingwa peke yao. Vyama vya wagonjwa viliingizwa katika mpango huo, wauguzi walipewa majukumu rasmi, na maduka ya dawa yapatayo 700 yakateua kila moja mfamasia wa kufuatilia pumu. Katika muongo huo siku ambazo wagonjwa wa pumu walilazwa hospitalini zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Uzoefu wa Afrika

Barani Afrika mfano unaonukuliwa zaidi ni wa chupa. Mtoto mdogo hawezi kuoanisha kubonyeza kifaa na kuvuta pumzi, hivyo huhitaji chombo cha kati kinachohifadhi dawa kwa sekunde chache ili aivute taratibu. Chombo cha kiwandani ni ghali kwa familia nyingi. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo yaliyoonesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kwenye kitako kwa umbo la mdomo wa kifaa na kuzibwa vizuri kwa gundi, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani kwa watoto wenye shambulio la pumu. Kikombe cha povu hakikufaa. Ubunifu huo ulianzia katika kile ambacho mzazi anacho nyumbani, na umekuwa ukifundishwa katika vituo vingi vya nchi zenye uhaba wa vifaa.

Utafiti wa ACACIA, ulioratibiwa na Queen Mary University of London, ulihusisha miji ya nchi sita za Afrika, ukiwemo mji wa Kampala nchini Uganda. Zaidi ya wanafunzi 27,000 wenye umri wa miaka 12 hadi 14 waliulizwa kuhusu dalili zao. Takriban asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba ana ugonjwa huo. Wanafunzi walihusishwa pia katika majadiliano ya vikundi, kwa kuwa shule ndipo mahali ambapo kijana huona aibu kutoa dawa mbele ya wenzake, na ambapo mwalimu asiyeelewa humwona mvivu yule asiyeweza kukimbia.

Nafasi ya mwananchi nchini Tanzania

Nchini Tanzania zipo taratibu ambazo mgonjwa au mlezi anaweza kuzitumia bila kusubiri mradi maalumu. Vituo vya umma vya kutolea huduma za afya vina kamati za usimamizi ambazo wajumbe wake ni pamoja na wawakilishi wa jamii inayohudumiwa. Kukosekana kwa dawa ya kupunguza uvimbe, au wagonjwa kutooneshwa namna ya kuvuta dawa, ni hoja halali ya kupelekwa katika kamati hiyo. Kwa upande wa tafiti, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo inayosimamia ithibati ya kimaadili, na mtu anayealikwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma.

Eneo jingine ambalo sauti ya kaya ni ya lazima ni moshi wa jikoni, ambao ni kichocheo kinachofahamika cha pumu. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ushauri wa tabibu kwamba mgonjwa aepuke moshi una maana pale tu anapoulizwa anapikia nini, wapi, na mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi anarudi katika nini.

Katika mahudhurio ya kawaida ya kliniki, mgonjwa anashauriwa kwenda na dawa zake zote na kumwomba mhudumu amtazame anapovuta, kwa kuwa makosa ya uvutaji ni ya kawaida hata kwa waliotumia dawa kwa miaka mingi. Aombe pia mpango wa maandishi wenye ngazi tatu, ambao mara nyingi hupewa rangi za taa za barabarani: kijani kwa siku za kawaida, njano dalili zinapoongezeka, na nyekundu kwa hatari. Kama hajui kusoma, mpango huo uchorwe kwa picha, na mtu mmoja wa nyumbani aelekezwe.

Mgonjwa afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa endapo hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zinabadilika rangi, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa ya nafuu ya haraka haimsaidii au nafuu yake haidumu kwa saa nne. Akiwa njiani aketishwe wima na aendelee kupewa dawa hiyo, kwa kutumia chupa iliyotajwa kama ipo.